Nipe namba na sababu yake: nilivyojifunza na ninavyofundisha kukereza kalamu

Kila anayeanza kukereza kalamu huja na maswali yaleyale, kerezo (ile mashine inayozungusha mbao wakati unaichonga) liende spidi ngapi, msasa nianze na namba ngapi, gundi nipake mara ngapi. Ni maswali mazuri na mi huwa nayajibu yote, ila kadiri ninavyoendelea na hii kazi ndo nazidi kuamini kwamba namba ikitolewa peke yake haimfikishi mtu mbali, maana mbao yako na yangu ni tofauti, hewa ya kwako ina unyevu wake, patasi yako imenolewa kivyake. Ukijua kwa nini mbao inapasuka wakati wa kutoboa, basi hata ukipewa mbao ambayo hujawahi kuigusa utajua pa kuanzia. Kwa hiyo humu nitatoa namba, lakini kila namba nitajitahidi ije na sababu yake.

Kwa ambaye hajawahi kufanya kabisa, kalamu nyingi tunazokereza zinatokana na seti ya vipuri, yaani ncha, klipu, mtambo wa kuzungusha, refili na tyubu mbili za shaba njano. Ile aina nyembamba ambayo karibu wote tunaanzia nayo inatumia tyubu za milimita 7. Unachukua kipande cha mbao cha mraba, kama milimita 19 kwa 19, urefu kama milimita 130, unakikata viwili, unatoboa katikati, unagundisha tyubu ndani, unasawazisha miisho, unapachika kwenye kerezo na kukereza mpaka mbao iwe sawa na bushi (vile vipete vya chuma vinavyokaa miishoni kuonyesha unene unaotakiwa), unapiga msasa, unapaka finishi, unakandamiza vipuri kila kimoja mahali pake, imeisha. Ukiisoma hivyo unaona ni kazi ya mchana mmoja, na kweli inaweza kuisha mchana mmoja, ila kila hatua ina sehemu yake ya kuharibu mbao, na uharibifu mwingi chanzo chake ni kimoja tu: joto.

Tuanze na kutoboa maana hapo ndo kalamu nyingi zinafia bila mwenyewe kujua. Kabla hujakata kile kipande, chora mstari wa penseli upande mmoja kutoka juu mpaka chini, ukishakata utajua nusu ipi inakaa wapi na nyuzi za mbao zitaendelea vizuri kalamu ikifungwa, usipochora utakuja kupata kalamu yenye nusu mbili zisizofahamiana. Halafu drili iende taratibu, mi nakaa kwenye mizunguko kama 500 kwa dakika, na biti inaingia kidogo inatoka, inaingia kidogo inatoka, kila ikitoka inabeba uchafu wake. Mzee aliyenifundisha hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichokuwa anafanya ni kuchota zile chenga zinazotoka kwenye tundu ananimwagia kiganjani, "Haya mwanangu, zinasemaje?" Chenga zikiwa za vuguvugu na zina umbo la kujikunja, biti inakata. Zikiwa unga na zinachoma, biti ni butu au umekandamiza mno, na hapo ndani ya tundu pana moto kuliko unavyofikiria. Ndani pamepata moto na kukauka ghafla, nje bado baridi, mbao inavutana yenyewe kwa yenyewe na inaachia mahali. Ubaya wake nyufa hizo mara nyingi huzioni palepale, unaziona baadaye ukiwa umeshafika kwenye msasa, kamstari kembamba kama unywele.

Mpingo ndo mwalimu mkali kuliko wote kwenye hili. Ni mbao nzito kiasi kwamba ukiitupa kwenye maji inazama, wanatengenezea klarineti na obo, zile ala za kupuliza, kwa sababu ya ule ugumu na utulivu wake, na ukishaing'arisha hakuna mbao inayoifikia kwa heshima, lakini joto haipendi kabisa. Kwenye mpingo naingiza biti milimita chache tu natoa, nasubiri, nagusa mbao ubavuni kwa kidole, ikiwa na moto naiacha ipoe nafanya kitu kingine. Kuna watu wanaona huko ni kupoteza muda, mi naona ni heshima kwa mti uliokua miaka mingi sana mpaka ukafikia unene wa kukatwa.

Kitu kingine cha kutoboa, usikate kipande kwa kipimo kamili cha tyubu. Acha kirefu kidogo, toboa bila kutokeza upande wa pili, halafu kata ule mwisho kwa msumeno mpaka tundu lionekane. Biti inapotokeza chini inamegua mbao, kwa hiyo usiipe nafasi ya kutokeza, basi.

Kwenye tyubu sina mengi. Zipige msasa mkavu zikwaruzike ili gundi ishike, ziba mdomo wa tyubu kwa nta ili gundi isiingie ndani (ikiingia, mtambo wa kuzungusha hautaingia vizuri mbele ya safari na utalazimisha na utapasua), ingiza huku unazungusha ili gundi ienee. Supagluu inafaa ila inaweza kukamata tyubu ikiwa nusu njiani, epoksi inakupa muda, kwa mwanafunzi mi natoa epoksi. La kusisitiza zaidi ni ukavu wa mbao. Mbao mbichi ikiendelea kukauka inasinyaa, shaba haisinyai, sasa hapo nani atakubali? Mbao itapasuka tu. Njia niliyofundishwa haihitaji kifaa cha kupima unyevu, unaweka kipande kwenye mizani midogo, unaandika uzito juu yake na penseli, unakiacha, unapima tena baada ya muda. Kikiendelea kupungua uzito hakijawa tayari. Uzito ukitulia, mbao imetulia.

Kusawazisha miisho, tumia kile kisagio chenye meno kinachoingia ndani ya tyubu, zungusha mpaka shaba ianze kung'aa duara zima, ukishaona mng'ao simama hapo hapo. Ukiendelea unafupisha tyubu, na urefu wa tyubu ndo unaoamua refili itatoka kiasi gani.

Sasa mandreli, ile fito inayoshikilia vipande vya kalamu kwenye kerezo. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo swali ninaloulizwa zaidi na watu walioshaanza: "fundi, mbona kalamu yangu upande mmoja mbao imepanda juu ya bushi na upande wa pili imeshuka chini yake?" Yaani ukipitisha ukucha unasikia ngazi upande huu, ukizungusha nusu ngazi imehamia kwenye chuma. Watu wengi wanafikiri mkono wao ndo haujatulia, wanaanza kujilaumu. Kumbe mkono hauna kosa kabisa. Mandreli ni fito nyembamba ya chuma, na kuna vitu viwili vinavyoikandamiza, nati ya mwishoni na senta, yaani ile ncha ya kichwa cha nyuma cha kerezo inayoegemea mwisho wa fito. Ukikaza nati kwa nguvu zote fito inapinda katikati, huwezi kuiona kwa macho lakini inapinda, na kitu kilichopinda kikizunguka kinapiga mduara wake wenyewe, patasi inakata mviringo safi kabisa ila kitovu chake sio kitovu cha tyubu. Ukisukuma kichwa cha nyuma kwa nguvu ni vilevile. Nati ikaze kwa vidole tu mpaka mbao isiteleze, senta iguse na izunguke pamoja na fito, imetosha. Na senta yenyewe iwe ya nyuzi 60 maana tundu la mwisho wa mandreli ndo limechongwa hivyo, senta yenye ncha kali zaidi haikai sawasawa inakula tundu taratibu na siku hiyo mandreli imeharibika.

Mafundi wengi wakishakomaa wanaachana na mandreli wanakereza kipande kimoja kimoja katikati ya senta mbili, na mi niko upande huo. Bushi zinakaa zenyewe kwenye senta, hakuna fito ya kupinda, na unaweza kutoa kipande ukakipima kwa kalipa ukakirudisha palepale bila wasiwasi. Ila kwa anayeanza simwambii atupe mandreli yake, namwambia tu aifahamu inavyopinda.

Kwenye kukereza kwenyewe spidi ninayotumia ni kati ya mizunguko 2000 na 3000 kwa dakika baada ya kona za mraba kuondoka, mwanzo huwa chini ya hapo. Egemeo la patasi liwe karibu na mbao, izungushe mbao kwanza kwa mkono kuhakikisha haigusi egemeo. Naanza na bobari, patasi yenye makali ya mviringo, kutoa kona, namaliza na patasi ya mshazari, yenye makali yaliyokatwa kwa kuinama. Wenye patasi za kabaidi za kubadilisha ncha nao wako sawa, zinamfanya mtu afurahie kazi mapema kabla hajajua kunoa, siwabezi hata kidogo, ila patasi ya mshazari iliyonolewa vizuri inaacha uso ambao karibu hauhitaji msasa na msasa ndo unaoleta joto, kwa hiyo nasukuma kila mwanafunzi ajifunze kunoa hata kama itamchukua muda.

Muda mrefu nilikuwa nafundisha patasi kwa sauti. Ndivyo nilivyofundishwa. Mgongo wa makali unapolala kwenye mbao na makali yanakata unasikia kama mluzi laini, ukiinua mkono kidogo sauti inakuwa ya kukwaruza, makali yakianza kuwa butu sauti inashuka inakuwa nzito, mzee alikuwa anaweza kukaa amenipa mgongo anafanya yake akaniambia "nenda kanoe". Na mi nikawa nafanya hivyohivyo, nikiamini hiyo ndo njia.

Halafu akaja kijana mmoja kiziwi, anataka kujifunza, ana bidii ile ya kukuangalia mikono tangu asubuhi bila kuchoka. Somo langu lote la sauti halikuwa na kazi kwake. Siku ya kwanza tuliandikiana kwenye karatasi tu na nilikuwa najiuliza nitamwelezaje mluzi. Yeye ndo aliyeanza, aliweka vidole viwili kwenye mpini wa patasi yangu, nyuma ya mkono wangu, nikiwa nakereza. Nikamwonyesha mkato mzuri, halafu nikainua mkono makusudi ikakwaruza, akaguna akatikisa kichwa akaandika, "hii inatetemeka haraka haraka, ile ya kwanza imetulia inavuma." Kumbe kile nilichokuwa nasikia kwa sikio miaka yote kiko kwenye mpini pia, na kwenye mpini kinaanza mapema zaidi, kabla sauti haijabadilika. Nikajaribu kukereza nimevaa vizibo vya masikio nikifuata vidole tu. Mtetemo wa makali butu unaupata kabla hujaona kitu kwenye mbao.

Hakuishia hapo. Yeye hatazami pale patasi inapokata kama tunavyofanya wengi, anatazama ukingo wa juu wa mbao inayozunguka, ule mstari unaoonekana dhidi ya ukuta wa nyuma, maana umbo la kalamu linaonekana pale kama mchoro, ukitazama kwenye makali unaona maranda tu. Alibandika karatasi nyeupe nyuma ya kerezo ili ukingo uonekane vizuri kwa mbao nyeusi na karatasi nyeusi kwa mbao nyeupe. Wazee wa kukereza wengi wanajua kutazama ukingo wa juu, lakini hizo karatasi za kubadilisha mi sikuwahi kuziona kwa mtu kabla yake, na sasa kila ninayemfundisha namwanzisha na hizo, pamoja na vidole viwili kwenye mpini, wanaosikia na wasiosikia.

Msasa. Namba ikipanda msasa ni laini zaidi. Naanza na 240 kama patasi imefanya kazi yake, 150 au 180 kama mbao imenyofoka mahali, halafu 320, 400, 600. Kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyopita na hakuna kingine, kwa hiyo kabla hujahama simamisha mashine, piga msasa uleule kwa urefu wa nyuzi, mistari ya duara ipotee, futa vumbi, ndo uhame. Spidi ishuke, mkono uwe mwepesi. Kipimo cha joto hapa ni vidole vyako vyenyewe vilivyo nyuma ya msasa, ukisikia vinaungua basi mbao iko kwenye hali mbaya kuliko vidole. Na jambo moja la mbao nyeupe ambalo watu hawaambiwi mpaka liwakute, msasa ukigusa bushi za chuma unatoa unga mweusi na unga huo unaingia kwenye vinyweleo vya mbao na hautoki. Ukiwa na mbao nyeupe, toa bushi wakati wa msasa wa mwisho na finishi, weka koni za plastiki mahali pake.

Finishi ni ugomvi wa kudumu kati ya mafundi. Ile polishi ya msuguano yenye shelaki, spiriti na nta inapendeza mno dakika unayoimaliza, mbao inawaka, lakini kalamu inashikwa na vidole vyenye jasho kila siku na ule mng'ao unaondoka upesi. Kwa kalamu ya kutumika mi naenda na supagluu. Matone machache ya gundi nyepesi kwenye karatasi laini iliyokunjwa, unapitisha mara moja kwenda na kurudi mashine ikiwa taratibu, unaacha ikauke yenyewe, unarudia. Matabaka mengi mepesi. Ukiweka nzito na ukapulizia dawa ya kuharakisha unapata joto tena, gundi inachemka ndani kwa ndani inaacha vipovu na weupe, na hapo ni kurudi nyuma kuanza na msasa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi gundi inakauka haraka zaidi maana unyevu ndo unaoikausha, kwa hiyo namba ya matabaka ya mtu aliye mahali pakavu inaweza isikufae. Ukimaliza, kabla hujatoa kipande kwenye bushi, pitisha ncha ya kisu kwenye maungio, la sivyo gundi iliyounganisha bushi na mbao itameguka na kuondoka na finishi. Kisha zile pedi za kung'arishia za Micro-Mesh kuanzia namba 1500 mpaka 12000 kwa maji. Maji yale ni ya kupoza.

Nisisitize usalama hapa kwa sababu nimeona watu wanagawa mbinu ya supagluu bila kusema haya. Usitumie kitambaa. Kwanza kitambaa chochote kinaweza kunaswa na mashine kikavuta vidole, karatasi itachanika tu. Pili pamba na supagluu vikikutana vinatoa joto kali la kuunguza ngozi, kwa hiyo hata glavu za pamba hapana. Moshi wake unawasha macho na kifua, fungua madirisha. Vumbi la mbao nyingi ngumu linaleta mzio, wengine wanaanza kuwashwa baada ya miaka ya kufanya bila shida, kwa hiyo barakoa inavaliwa hata na yule anayesema "mi haijawahi kunisumbua". Ngao ya uso, mikono mifupi, pete ivuliwe, nywele zifungwe. Anayekuja kwangu na mikono mirefu inayoning'inia hashiki patasi siku hiyo.

Kufunga kalamu ni kwa haraka tu: ncha kwanza, halafu mtambo wa kuzungusha uingie kidogo kidogo kwa jiliwa, weka refili, zungusha, tazama ncha inatoka kiasi gani, toa, kandamiza kidogo tena. Ukipitiliza kuurudisha ni shughuli. Bana taratibu, taya za jiliwa zivishwe mbao.

Kuhusu kuficha mbinu. Nimewahi kukutana na fundi anayefunika chupa yake ya finishi ukiingia. Namwelewa, anaogopa kupoteza wateja, njaa sio kitu cha kuchezea. Lakini kwa nilivyoona mimi, mtu akijua mchanganyiko wangu hatengenezi kalamu zangu, anatengeneza zake, na akikwama anarudi kuniuliza na swali lake linanifungua macho. Yule kijana nisingemfundisha, mi mpaka leo ningekuwa nakereza kwa sikio tu.

Sasa hivi yeye ameshavuka seti za vipuri, anatengeneza kalamu za wino nzima nzima kwa eboniti (mpira mgumu) na akriliki (plastiki ngumu), anakata mwenyewe nyuzi za skrubu za kifuniko na mwili, anaagiza nibu tu. Juzi aliniandikia akriliki inamvunjikia kwenye nyuzi za M10 kwa 1, yaani kipenyo milimita 10 na hatua, umbali kati ya uzi na uzi, milimita 1. Nikamuuliza tundu ametoboa la ngapi, akasema 8.5, hiyo ni ya M10 ya kawaida yenye hatua ya 1.5. Kanuni ni kipenyo utoe hatua, kwa hiyo hapa ni milimita 9. Nikamwambia pia aweke maji yenye sabuni, azungushe mbele kidogo arudi nusu mzunguko ili kukata chenga, maana chenga zikijaa zinasaga zinaleta moto na akriliki inalainika halafu inameguka. Akajibu la tundu amelielewa, ila hilo la moto alishalijua, vidole vyake vilishamwambia kwenye mpini wa tapi, kile kifaa cha kukatia nyuzi ndani ya tundu.